Mstari, Maji na Mjumbe: Historia ya Ramani za Hatari ya Mafuriko katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, 1979–2022

Mto Msimbazi huchimbuka katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, hushuka kwa takriban kilomita 35 ukipita Vingunguti, Kigogo, Mchikichini na Hananasif, kisha humwaga maji yake baharini chini ya Daraja la Selander. Ni mto mfupi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mto mdogo: wakulima wa mchicha hulima kingoni mwake na watoto huuvuka kwa miguu. Hata hivyo, ni vigumu kutaja mto mwingine wa mjini nchini Tanzania uliochorwa, ukapangiwa na kupigiwa marufuku mara nyingi kiasi hicho, na bado ukaendelea kuwashangaza waliouchora. Makala hii inafuatilia historia ya ramani za hatari katika bonde hilo tangu Mpango Kabambe wa mwaka 1979 hadi kuidhinishwa kwa mradi wa uendelezaji wa bonde mwaka 2022. Swali lake kuu ni ni nani, katika kila kipindi, aliyehesabiwa kuwa na ujuzi wa kusema maji yanafika wapi, na ujuzi huo ulimletea nini.

Kabla ya ramani za serikali, palikuwapo majina. Jangwani ni uwanda mpana na tupu karibu na mkono wa bahari, na jina lake lenyewe linaeleza ardhi isiyofaa kulimwa wala kujengwa. Mchikichini ni penye michikichi, mti unaopenda ardhi yenye maji. Majina ya namna hii hayana kipimo wala mpaka, lakini yanahifadhi maarifa ya watu walioijua ardhi kabla haijajengwa. Mashabiki wa Yanga wanalijua hilo kuliko wapimaji wengi: makao makuu ya klabu yao yapo Jangwani, na uwanja wake wa Kaunda umejaa maji mara nyingi kiasi kwamba picha za uwanja huo uliofurika zimekuwa sehemu ya utani wa jadi wa soka la Dar es Salaam.

Mpango Kabambe wa mwaka 1949, ulioandaliwa chini ya utawala wa Waingereza, uliyatumia mabonde ya mito kama nafasi wazi za kutenganisha maeneo ya makazi. Sababu zake zilikuwa hewa safi na afya, na pia utengano wa rangi ulioupa mji sura ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwazi wa bonde kwa hiyo ulikuwapo kwenye karatasi za mipango kabla mafuriko hayajawa hoja kuu. Mpango wa 1968, na hasa ule wa 1979, iliyoandaliwa na kampuni za Kanada kwa niaba ya serikali huru, iliendeleza wazo hilo kwa lugha mpya: bonde la Msimbazi likawa eneo lisilofaa kwa makazi kwa sababu ni la hatari. Mwaka 1978 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090. Mpango wa 1979 ulikusudiwa kuuongoza mji kwa miaka 20. Muda huo ulipokwisha hapakuwa na mpango mwingine wa kuurithi, na sensa ya 2012 ilipohesabu watu 4,364,541 mji ulikuwa bado hauna mpango mpya. Mrithi wake ni mpango wa mwaka 2016 hadi 2036.

Pengo hilo ndilo lililoumba bonde la leo. Ramani ilisema hakuna watu, na watu wakaendelea kuja. Walinunua viwanja kwa mashahidi na hati za kuandikishana mbele ya viongozi wa mtaa, wakajenga kwanza kwa miti na udongo, baadaye kwa matofali ya saruji. Nguzo za umeme ziliwafuata, wagombea wakawafuata, na kura zikapigwa. Kwa hiyo palikuwapo serikali mbili bondeni: ile ya ramani, ambayo kwayo wakazi hawakuwapo, na ile ya kila siku, iliyowaandikisha, kuwachangisha na kuwaomba kura. Wanahistoria wa mji wamezoea kuliita jambo hili udhaifu wa utekelezaji. Maelezo hayo hayatoshi. Serikali ya kila siku haikushindwa kuiona ramani. Iliiweka kabatini kwa sababu mji ulihitaji vibarua, wachuuzi na wapangaji wanaoishi karibu na Kariakoo, na haukuwa na mahali pengine pa bei hiyo pa kuwaweka.

Ramani ilipotolewa kabatini, ilitoka katika umbo la sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilimpa Waziri mamlaka ya kutangaza ardhi kuwa ya hatari, ikataja miongoni mwake ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, ikazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita hizohizo 60. Namba hii ina faida moja kubwa kwa msimamizi: hupimwa kwa utepe, na haihitaji kumuuliza mtu yeyote. Lakini Msimbazi hauna ukingo mmoja. Mchanga unaoshushwa kutoka juu na taka zinazotupwa njiani huhamisha mkondo wake kila masika, na kingo huporomoka zikiondoka na vyumba vya nyumba. Sehemu za chini, karibu na Jangwani, uwanda unaofurika ni mpana kuliko mita 60 mara kadhaa. Sehemu nyingine, nyumba iliyo mita 40 kutoka mtoni juu ya mwinuko haiguswi na maji, ilhali iliyo mita 300 kutoka mtoni, kando ya mtaro ulioziba, hufurika kila mwaka. Mstari wa mita 60 ulikuwa mpaka wa kisheria uliovaa vazi la kipimo cha hatari, na kwa miaka mingi watendaji waliushughulikia kana kwamba ndiyo hatari yenyewe.

Tarehe 20 Desemba 2011, siku 11 baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mvua ilianza kunyesha kwa namna ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijapata kuonekana jijini tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Barabara ya Morogoro ilikatika kwa maji Jangwani, na mji ukagawanyika. Serikali iliwapatia waathirika wengi viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, mbali na masoko na vibarua vilivyowalisha. Baadhi walijenga huko. Wengine waliuza au kupangisha, wakarudi bondeni.

Kwa historia ya ramani, mafuriko ya 2011 yalifichua jambo ambalo ofisi za mipango zilikuwa zikiliishi bila kulitamka: hapakuwa na ramani iliyoweza kueleza ni nyumba zipi, mitaro ipi na njia zipi zilizokuwa chini ya maji. Ramani rasmi zilizokuwapo zilitokana na picha za anga za miaka mingi nyuma, na maeneo ambayo hayakupimwa yalibaki kuwa doa la rangi moja. Inakadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji waliishi katika maeneo ya aina hiyo.

Jibu lilikuwa limekwisha kujaribiwa miezi michache kabla, nje kidogo ya bonde kuu. Mwaka 2011 huohuo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale walichora kata hiyo kwa vifaa vidogo vya mkononi vya kupokea mahali kutoka kwenye setilaiti, wakaingiza walichokiona katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mfano wa karibu ulikuwa Kibera, Nairobi, ambako vijana walichora mtaa wao mwaka 2009. Mfano wa mbali zaidi, na wenye uhusiano wa moja kwa moja na mafuriko, ulikuwa Jakarta. Huko, mwaka 2012, mamlaka ya maafa ya jiji iliwaita viongozi wa mitaa yake 267 wakae na wanafunzi wa chuo kikuu waoneshe mipaka na majengo muhimu ya maeneo yao. Jambo la kutazamwa katika mfano huo ni kwamba mwenye mwaliko alikuwa mamlaka, na kiongozi wa mtaa aliitwa kama mtu anayejua.

Ramani Huria, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 2015, ilijengwa juu ya mafunzo hayo. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Ardhi, Chama cha Msalaba Mwekundu, halmashauri za jiji, Benki ya Dunia na Humanitarian OpenStreetMap Team walikuwa miongoni mwa washirika. Picha zilipigwa kwa ndege zisizo na rubani, nyumba zikachorwa kwenye kompyuta kutokana na picha hizo, kisha wanafunzi waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo wakaingia mitaani pamoja na wakazi. Hapo ndipo kazi yenye uzito wa kihistoria ilipoanza. Picha kutoka juu huonesha paa. Haioneshi kama mtaro una sakafu ya saruji au ya udongo, kina chake, mahali unapoishia, wala kama umezibwa na ukuta wa jirani. Hata vipimo vya mwinuko vilivyopatikana kwa setilaiti, kama vile vilivyokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000, huchanganya paa na ardhi, na katika uwanda ambao tofauti ya nusu mita huamua maji yaende upande gani, kosa la kimo cha nyumba moja ni kosa la mtaa mzima. Mitaro ililazimika kutembewa, mmoja baada ya mwingine, na mtu anayejua unapoanzia.

Mtu huyo, mara nyingi, alikuwa mjumbe wa shina. Historia yake ni ndefu kuliko ya ramani yoyote ya mafuriko. Mfumo wa nyumba kumi kumi uliasisiwa na TANU katikati ya miaka ya 1960 ili chama kifike mlangoni kwa kila mwananchi. Baada ya kurejeshwa kwa vyama vingi mwaka 1992, shina lilibaki kuwa ngazi ya chama tawala, na ngazi ya chini kabisa ya serikali mjini ikawa mtaa, wenye mwenyekiti aliyechaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa. Kisheria, basi, mjumbe si ofisa wa serikali. Kimazoea, ndiye anayejua nani amehamia, nani amefiwa, ukuta wa nani umeanguka na ufunguo wa nani umeachwa kwa jirani. Katika awamu ya pili ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2017, mipaka ya mashina ilichorwa, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mpango kabambe wowote. Ramani za kisasa za maafa zikajikuta zimeegemea kitengo cha kisiasa cha enzi za chama kimoja, kwa sababu iliyo wazi: hapakuwa na kitengo kingine chenye ukubwa wa kujuana kwa majina. Wapo watakaoona hapa kasoro ya utawala bora, nao hawatakosea, kwani mkazi wa chama kingine ana haki ya kuuliza kwa nini usalama wake upitie kwa mjumbe asiyemchagua. Lakini mbadala uliokuwapo ulikuwa doa la rangi moja.

Njia ya kukusanya kumbukumbu za mafuriko inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mkazi hakuulizwa sentimita. Aliulizwa maji yalimfika wapi: kifundoni, gotini, kiunoni, kifuani. Majibu yaliandikwa kwenye simu pamoja na mahali alipokuwa amesimama, na yalipowekwa pamoja yalitoa sura ya gharika iliyopita ambayo hakuna kituo cha kupimia mto kilichoweza kuitoa. Ushahidi wa aina hii una udhaifu wake. Mafuriko ya 2011, 2014 na 2015 huchanganyika katika kumbukumbu, kiuno cha mtu mfupi si kiuno cha mrefu, na mpangaji aliyehamia mwaka jana husimulia alichosikia. Dawa yake ilikuwa ya kawaida kwa mwanahistoria wa masimulizi: kuuliza wengi, kulinganisha, na kutafuta alama ya tope ukutani inayothibitisha au kukanusha.

Udhaifu mwingine hautibiki kwa kulinganisha, nao ndio kiini cha suala zima. Anayeulizwa maji yalifika wapi anajua kuwa jibu lake lina matokeo. Desemba 2015, mwaka uleule wa kuzinduliwa kwa Ramani Huria, nyumba za Mkwajuni, Hananasif na kwingineko bondeni zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na mamia zikabomolewa kwa hoja ya sheria ya mazingira na mita zake 60. Alama ya X nayo ni ramani, iliyochorwa ukutani badala ya karatasini, na ndiyo pekee ambayo kila mkazi wa bonde aliweza kuisoma bila mafunzo. Katika hali hiyo mwenye nyumba ana sababu ya kusema maji hufika kifundoni tu. Jirani yake anayetumaini kiwanja kama vile vya Mabwepande ana sababu ya kusema yalifika kifuani. Ushirikiano wa serikali na jamii katika ramani za hatari kwa kawaida huelezwa kama suala la mbinu: vifaa, mafunzo, idadi ya mikutano. Bonde la Msimbazi linaonesha kuwa ni suala la kuaminiana kati ya pande mbili zisizo na nguvu sawa, ambapo upande mmoja hutoa ujuzi na upande mwingine hushika tingatinga.

Wala serikali yenyewe haikuitii ramani kila mara. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, katika uwanda uleule uliotangazwa kuwa hatari tangu 1979. Huduma ilianza Mei 2016, na karakana ikafurika tena na tena, mabasi yakiwa ndani. Haikuwa rahisi kumweleza mkazi wa Hananasif kwa nini chumba chake kimoja ni kosa na karakana ni maendeleo. Kwa upande mwingine, karakana iliyofurika ilifanya kile ambacho vifo vya miaka mingi havikukifanya kwa ukamilifu: ililiweka bonde kwenye meza za wizara kama tatizo la kiuchumi.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka zaidi. Mwaka 2018 wadau wa ngazi mbalimbali, kuanzia wizara hadi wawakilishi wa mitaa, walikutana kwa miezi kadhaa kuandaa mpango wa bonde zima. Sura yake ilikuwa tofauti na mstari wa mita 60: kupanua njia ya mto, kuhamisha karakana, kuinua daraja la Jangwani, kutengeneza bustani kubwa katikati, na kuwahamisha wakazi wa sehemu zinazozama zaidi kwa malipo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili hiyo. Data za majengo, mitaro na mafuriko zilizokusanywa na wanafunzi na wajumbe zilikuwa wazi kwa kila mtu, wakiwamo wapangaji waliohitaji kujua ni nyumba ngapi zimo ndani ya mpaka fulani. Mkazi aliyeshiriki kuchora alikuwa amesaidia kuhesabiwa, na kuhesabiwa huko kulikuwa na ncha mbili. Kulimweka katika orodha ya watakaoondoka, na kulimweka katika orodha ya watakaolipwa. Mpango wa 1979 ulimwondoa bila kukiri kuwa alikuwapo. Tofauti hiyo si ndogo, hata kama malalamiko kuhusu viwango vya fidia, hasa kwa wasio na hati za ardhi, yaliendelea hadi wakati wa malipo.

Linabaki suala la kuhuisha, ambalo wafadhili hulipenda katika maandiko ya miradi na hulisahau mradi unapofungwa. Bonde linagawanywa kati ya Ilala, Kinondoni na Ubungo, na chanzo chake kipo mkoa mwingine. Maji yake yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ofisi zake zipo Morogoro. Halmashauri ya Jiji iliyokuwa mshirika wa Ramani Huria ilivunjwa Februari 2021, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Mafaili, watumishi na kumbukumbu za mikutano vilitawanyika, lakini data zilibaki kwa sababu hazikuwa zimehifadhiwa katika ofisi iliyovunjwa. Vyuo vikuu vinne, Ardhi, Dar es Salaam, Sokoine na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Turku cha Ufini, vimejaribu kuifanya kazi hii kuwa sehemu ya masomo badala ya mradi, ili kila kundi la wanafunzi likute ramani na kuiacha ikiwa mpya zaidi. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 nayo imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hizo zitakuwa na maana pale tu mwenyekiti wa mtaa atakapoweza kusema kuwa mtaro umehama na taarifa hiyo ikafika mahali inapoandikwa, kabla ya masika na si baada ya mazishi.

Tangu malipo ya fidia yaanze, uhuishaji umepata sura ambayo hakuna aliyeifundisha mwaka 2015. Maelfu ya majengo yaliyochorwa kwa subira katika bonde la chini yamekwisha kuvunjwa, mengi na wenyewe, waliobeba mabati, milango na matofali kwenda kuanza kwingine. Ili ramani iendelee kusema kweli, kila umbo la nyumba hizo lazima lifutwe, moja baada ya jingine, na pamoja nayo mipaka ya mashina ambayo sasa hayana nyumba kumi, wala mjumbe wa kuulizwa.